Imetoboka, Imetobolewa, Imenitobokea: Vitenzi vya Garaji na Upepo Unaopotea

Katika somo la sarufi, tukifika kwenye vitenzi vya hali, mfano tunaopewa karibu kila mwaka ni ule wa kikombe. Kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa na mtoto. Sentensi ya kwanza inasema hali ya kitu bila kumtaja mtendaji. Ya pili inamfungulia mtendaji mlango aingie kwa neno «na». Mfano ni mzuri, nami nimeuandika kwenye mitihani. Lakini kikombe ni kitu cha bei ndogo, na mtoto aliyekivunja hakatwi mshahara. Hapa nataka kuleta mfano mwingine, wa bisi ya abiria iliyokuwa inapoteza upepo. Katika habari ya bisi hiyo, tofauti kati ya kitenzi kimoja na kingine ilikuwa sawa na mshahara wa mtu mmoja wa zaidi ya miezi miwili.

Ni miaka mitatu sasa, wakati wa likizo, ninatumika kama karani katika garaji moja ya Lubumbashi, upande wa barabara iendayo Likasi. Ninaandika vifaa vinavyoingia na kutoka, na ninaandika ripoti kwa Kifaransa, kwa sababu wenye magari wengi hawafiki garajini. Wengine wako Kolwezi, wengine nje ya nchi, nao wanataka karatasi yenye muhuri. Mafundi wanazungumza Kiswahili cha mji na wanafikiri kwa Kiswahili hicho. Mimi ninageuza.

Wasomaji ambao hawajawahi kulala chini ya bisi wataniruhusu nieleze kwanza kitu chenyewe. Magari mengi yanakalia resori za chuma. Bisi kubwa za safari, remorki nyingi za kamioni zinazobeba shaba kwenda Kasumbalesa, na hata zile nyumba za magurudumu za watalii wa Ulaya na Marekani, hasa kubwa zilizojengwa kama bisi, zinakalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Mfuko huo garajini tunauita sufle. Kompresa inayoendeshwa na injini inasukuma upepo. Upepo unapita kwenye kikaushio kinachoondoa maji, kisha unaingia kwenye matangi. Breki zina matangi yao, na kuna valvu inayozilinda, ili resori zikipoteza upepo, breki zisiishiwe. Kutoka tangi la resori, upepo unafuata tuyo nyembamba za plastiki hadi kwenye valvu ya usawa. Valvu hiyo ina mkono mdogo uliounganishwa na ekseli. Abiria wakipanda, bisi inashuka, mkono unasukumwa juu, na valvu inaongeza upepo. Abiria wakitelemka, bisi inapanda, mkono unavutwa chini, na valvu inaachilia upepo uliozidi. Kwa kawaida mbele kuna valvu moja ya namna hiyo na nyuma mbili, moja kila upande. Kwa hiyo, upande wa kushoto wa nyuma una valvu yake, tuyo zake na, kwenye bisi ninayoisimulia, sufle zake mbili.

Bisi hiyo inafanya safari kati ya Lubumbashi na Kolwezi, karibu kilomita 300. Katika mwezi wa saba, shofere wake aliikuta asubuhi imeinama nyuma upande wa kushoto, kama mtu aliyelalia mkono mmoja. Akawasha injini, akangoja, bisi ikanyanyuka, akaenda safari. Kesho yake ikainama tena, na muda wa kungoja ukawa mrefu zaidi. Siku ya tatu alimtumia mwenye bisi ujumbe kwa Kifaransa: «J'ai crevé derrière à gauche.»

Sisi tunaosoma Kifaransa tunajua namna ya kusoma maneno hayo. Mtu ambaye gurudumu lake limetoka upepo njiani anasema «j'ai crevé», wala hakiri kosa lolote. Anasema tu lililompata. Lakini kitenzi hicho hicho kinaweza pia kubeba yambwa: mtu anaweza kutoboa kitu kwa mkono wake, na kitenzi kikabaki kilekile. Mwenye bisi alisoma kwa maana hii ya pili. Kwake, shofere alikuwa amekiri. Alikwisha kutengeneza habari yote kichwani: shofere alikwenda mbio, akapiga shimo, akatoboa sufle, sufle mbili mpya zitanunuliwa, na bei yake itakatwa kwenye mshahara. Bisi ililetwa kwetu na agizo fupi: badilisheni sufle za kushoto nyuma, kisha mtume ripoti.

Nilipomuuliza shofere kwa Kiswahili kilichotokea, alijibu neno moja: «Imenitobokea.»

Tulitazame neno hilo. Mzizi ni toboa. Hali yake ni toboka: kitu kimepata tundu, mtendaji hatajwi. Juu ya hali hiyo shofere ameongeza kiambishi cha kutendea, akajiweka mwenyewe ndani ya kitenzi kwa «ni». Yumo kwenye sentensi, lakini yumo kama mtu aliyepatwa na jambo. Hivyo ndivyo tunavyosema pia «moto umenizimikia» au «gari limeniharibikia». Kifaransa kilimweka shofere mahali pa kiima, na mwenye bisi akamhesabu mtendaji. Kiswahili kilimweka mahali pa yambwa. Mtu yuleyule, tukio lilelile, na mshahara uleule.

Hata hivyo, neno la shofere peke yake halikuwa ushahidi. Mtu aliyetoboa anaweza pia kusema «imenitobokea», kama vile mtoto aliyevunja kikombe anavyosema «kimenivunjikia». Sarufi inaonyesha namna mtu anavyosimulia. Upepo ulipitia wapi, ni bisi itakayosema. Kazi hiyo ilikuwa ya mzee fundi wetu, ambaye hakukubali kununua sufle kabla ya kujua.

Mzee ana utaratibu, na haurukwi. Kwanza aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akaamuru injini iwashwe mpaka kikaushio kipige pumzi, yaani matangi yamejaa; sindano ilikuwa kwenye bari 8. Akapima kwa mita urefu kutoka ekseli hadi chuma cha mwili, kila pembe, akaandika kwa chaki kwenye magurudumu. Kisha injini ikazimwa, na redio ya jirani ikazimwa pia kwa heshima yake. Tukasikiliza. Tundu kubwa linasikika, dogo halisikiki. Safari hii hapakusikika kitu.

Tuliiacha bisi usiku kucha. Asubuhi ilikuwa baridi, ile baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba, na tulipopima, pembe zote zilikuwa zimeshuka. Kijana mmoja wa garaji akasema basi upepo unapotea kila mahali. Mzee akamkatalia: «Upepo unakunywamana na baridi, kama mtu.» Hesabu yake ni ya kweli. Upepo uliotoka kwenye kompresa ukiwa na joto la digrii 40, ukipoa hadi digrii 10 chini ya uzito uleule, nafasi unayojaza inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Lakini baridi inashusha pembe zote kwa kipimo kinachokaribiana, halafu inaacha. Tundu linachagua pembe moja, na haliachi. Pembe tatu zilikuwa zimeshuka kidogo, karibu sawasawa. Ya kushoto nyuma ilikuwa imeshuka mpaka chini.

Hapo ndipo wengi wanaponunua sufle, maana sufle ndiyo inayoonekana imelala. Mzee alichukua brashi na maji ya sabuni. Alipaka sufle zote mbili, hasa chini, pale mpira unapojikunja juu ya kikombe chake cha chuma, kwa sababu mpira uliochoka unapasukia kwenye mikunjo. Akapaka maungio ya tuyo. Akapaka tundu la valvu ambamo upepo uliozidi unatokea, maana valvu iliyoharibika ndani inapumulia hapo hata bisi ikiwa imesimama sawa. Hapakuwa na povu popote. Kulikuwa na tuyo zilizofungwa pamoja na kupita juu ya chuma cha mwili, mahali ambapo brashi haifiki.

Kisha akafanya jambo ambalo nimelipenda kuliko yote. Bisi ikainuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi vya chuma, maana mzee hamruhusu mtu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na upepo peke yake. «Upepo si jiwe,» anasema, na amewahi kumfukuza kijana kazini kwa siku nzima kwa sababu hiyo. Upepo wa upande ule ukatolewa. Kati ya kila sufle na tuyo yake akaweka robine ndogo. Bisi ikashushwa, injini ikawashwa, sufle zikajaa, na mzee akafunga robine zote mbili. Sasa sufle zilikuwa peke yake, zimetengwa na kila kitu kingine. Kama sufle ndizo zilizotoboka, bisi itainama. Kama ni tuyo au valvu, bisi itabaki imesimama.

Asubuhi bisi ilikuwa imesimama. Shofere aliizunguka mara mbili bila kusema neno.

Sufle zilikuwa nzima. Mzee akatenga valvu kwa namna hiyohiyo, ikaonekana nzima. Ikabaki tuyo. Tukakata kamba zilizofunga zile tuyo pamoja, na kwenye moja, upande wa juu unaogusa chuma, tukaona mfereji mrefu uliong'aa kama kijiko, na mwishoni mwa mfereji tundu jembamba kama unywele. Kolie iliyopaswa kuishika tuyo mbali na chuma haikuwapo. Mahali pake mtu fulani, kwenye matengenezo ya zamani, alifunga waya. Waya ulilegea, tuyo ikaanguka juu ya ukingo wa chuma, na kila kilomita ya barabara iliisugua kidogo.

Mzee alinionyesha mfereji kwa kidole cheusi cha grisi. «Unaona inang'aa? Shimo la barabara halisugui. Shimo linapasua kwa mara moja, na mahali palipopasuka panakuwa na midomo mibaya. Hii imeliwa polepole. Miezi.» Kisha akanisomea ripoti kwa Kiswahili, akihesabu kwa vidole: «Kolie ilipotea. Waya ulilegea. Tuyo ilisuguliwa na chuma, ikalika, ikatoboka. Sufle ni nzima. Hakuna kilichogongwa.»

Nilikaa mezani na maneno hayo kwa muda mrefu kuliko mzee alivyotarajia. Tuyahesabu tena. «Ilipotea» na «ulilegea» ni vitenzi visivyo na mtendaji, kwa sababu mzee hakumwona aliyeondoa kolie wala aliyefunga waya, naye hasemi asichokiona. «Ilisuguliwa» ni kitenzi cha kutendwa chenye mtendaji wake, na mtendaji huyo ni chuma. «Ikalika» na «ikatoboka» ni hali zilizofuata. Katika sentensi tano, mahali pamoja tu mzee aliweka «na», na mahali hapo hapakuwa na mtu. Kama ningeandika kwa Kifaransa kwamba tuyo «imetobolewa», msomaji wa Kolwezi angeuliza mara moja: na nani? Na jibu alikuwa nalo tayari.

Basi niliandika kwamba tuyo imechakaa kwa kusuguana na ukingo wa chuma, kwa sababu kolie haikuwapo. Kwamba mfereji wa msuguano unaonyesha muda mrefu. Kwamba hapana alama ya pigo kwenye sufle, ekseli wala valvu. Kwamba sufle hazihitaji kubadilishwa. Mzee hajui kusoma Kifaransa vizuri. Aliniambia nimsomee shofere ripoti nzima kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kabla ya kupiga muhuri. Shofere alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba nirudie ile sentensi ya chuma. Nikairudia.

Mwenye bisi alijibu neno moja: tengenezeni. Tuyo mpya ya mita chache, kolie mbili, na kazi ya siku moja. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyetarajia. Mwisho wa mwezi shofere alipita garajini akasema mshahara umefika mzima, akamwachia mzee chupa mbili za soda. Mzee akanipa moja.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiandika kwenye daftari vitenzi ninavyovisikia garajini kuhusu upepo unaopotea. Nitavitaja vichache, kwa sababu kila kimoja kinabeba sababu na dawa yake. Wakisema sufle imechoka, wana maana mpira umezeeka na una nyufa kwenye mikunjo. Hapo wanabadilisha kushoto na kulia pamoja, kwa kuwa zina umri mmoja. Wakisema imekauka, wanazungumzia pete ndogo ya mpira ndani ya ungio. Wakisema tuyo imelegea, hawabadilishi kitu kabla ya kuichomoa, kuikata ncha yake sawasawa na kuirudisha hadi mwisho. Wakisema valvu imekwama, swali linalofuata si la valvu. Wanauliza kikaushio kilibadilishwa lini, maana maji na mafuta ya kompresa yanayopita kwenye kikaushio kilichochakaa ndiyo yanayoikwamisha. Wakisema imelika, wanatafuta kilichoila. Na wakisema imepigwa, hapo tu ndipo wanapomwita shofere.

Tunasikia mara kwa mara, hata katika kumbi za fakilte yetu, kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, na ushahidi unaotolewa ni majina: sufle, valvu, kompresa, robine, kolie. Ni kweli, majina hayo tumeyapokea kutoka Kifaransa pamoja na vitu vyenyewe, na hakuna aibu ndani yake. Lakini fundi hatafuti tundu kwa majina. Majina yanamwambia vitu vipo. Vitenzi vinamwambia kilichotokea, kwa mpangilio gani, na kama kuna mtu ndani yake. Na vitenzi hivyo ni vya Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vyote. Mwaka 1944, E. O. Ashton alipoandika sarufi yake ya Kiswahili, alitenga nafasi kwa kauli ya hali na kuitofautisha na kauli ya kutendwa. Mzee wetu hajasikia jina la Ashton. Anaitumia tofauti hiyo kila siku, na kwa uangalifu kuliko sisi tunaoipigia mstari kwenye mitihani.

Mji wetu si mgeni wa kuandika mambo mazito kwa Kiswahili chake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa mji, na wataalamu wa mbali wameisoma na kuifafanua. Garaji zetu hazijapata mwandishi wake. Wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, na walimu wanaotuongoza, wangeweza kutuma mtu mwenye daftari kwenye barabara ya Likasi, au kwa mafundi wa umeme, au kwa mafundi wa friji. Asiende kukusanya majina tu. Akae mpaka kitu kiharibike, asikilize jinsi wanavyokiuliza, na aandike kitenzi kama kilivyosemwa, na viambishi vyake.

Na kwa wale kati yetu watakaopata kazi ya kugeuza lugha, kwenye kampuni, mahakamani au hospitalini, ninaongeza ombi dogo. Karatasi nyingi zitapita mikononi mwetu zikisema kitu kimevunjwa, kimepotezwa, kimetobolewa. Mara nyingi aliyesema kwa kinywa chake alisema kimevunjika, kimepotea, kimetoboka. Kabla ya kupiga muhuri, tumsomee mwenye maneno kile tulichoandika, kwa lugha aliyosemea, na tungoje aseme kama ndivyo.